Bitana ya Mkanda wa Ammi Khalfan

Zuwena mwanangu,

Salaam nyingi, ingawa hazijapita saa mbili tangu uingie garini na baba yako kwenda kuwaaga watu wa Azaiba. Mimi nimebaki hapa Darsait, karakanani, nimefunga mlango na kuzima simu. Mteja akigonga atadhani nimekwenda kuswali laasiri, na laasiri nimeshaiswali. Kesho jioni unasafiri. Mimi ni mtu wa maneno mengi, hilo hakuna aliyewahi kulikana, lakini hili la leo nimejaribu mara tatu kukwambia tukivuka mlima kutoka nyumbani Amerat, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umechukua koti. Unakwenda kusoma Malaysia, ambako hata upepo wao una jasho. Ukaniangalia kama mtu aliyepata homa. Ndiyo maana nimeona bora niandike.

Habari za chakula, za mavazi na za kupiga simu nyumbani sizitaji. Baba yako ameshakuandikia orodha, na shangazi yako leo atakupa ya kwake, ndefu zaidi. Mimi nataka ujue kwanza kwamba nina furaha. Wenzangu wananiuliza kama nalia, binti wa pekee anakwenda mbali, na mimi nawajibu kwamba usingizi ninaoupata wiki hizi mbili sijaupata kwa miaka minne. Wanaona sina haya. Sababu yake hawaijui, na nataka wewe uijue kabla hujaondoka, kwa sababu ni yako kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Unajua kwamba mimi sikuanza na ngozi. Nilianza na kofia, kama mama yangu, kitobo baada ya kitobo, mpaka vidole vikawa vinashona huku mimi nasimulia habari za watu. Siku moja jirani akaniletea mkanda wa jambia uliofumuka, akasema mafundi wote wamemwambia hautengenezeki. Nilikaa nao siku tatu. Aliporudi, aliutafuta mshono wangu asiuone. Tangu siku hiyo nikapata kiburi, na kiburi changu, mwanangu, kimenilisha vizuri na kimenifedhehesha vizuri vilevile. Nilipenda kuambiwa kwamba mshono wangu hauonekani. Nilipenda wanaume wenye majina yao waje mpaka kwenye kichochoro hiki wamsubiri mwanamke amalize kazi.

Basi ndipo alipokuja Ammi Khalfan. Kwa faida yako, maana ulikuwa na miaka kumi na saba tu na mambo ya wazee hukuyashughulikia: yule si ami yetu wa damu, ni rafiki wa babu yako, na sisi tumezoea kumwita hivyo. Alikuwa na bastola ya marehemu baba yake, kongwe, isiyopiga tena, na mwanawe alikuwa anaoa. Alitaka siku ya harusi, wanaume wakitoka na bunduki na panga zao kuimba, yeye atoke na bastola ya baba yake kiunoni. Akaniagiza mkanda wa ngozi ya ng'ombe wa upana wa vidole vinne, wenye vishikizo vya risasi kumi na mbili, na ala ya bastola upande wa kulia. Na kote, mkanda na ala, nitie njumu, mapambo ya kupachika, za ngozi mbili: ya taa, yule samaki, na ya mbuni.

Nilimwambia kwamba ngozi ya chatu ingependeza zaidi pale katikati. Akatikisa kichwa. "Nyoka sitaki, mwanangu, wala mamba. Nitaswali nao."

Maneno hayo aliyasema amekaa kwenye kiti cha plastiki hapo mlangoni. Niliyasikia vizuri sana.

Kazi ile sijapata kuifanya nyingine mfano wake. Ngozi ya taa ina punje ngumu kama mchele mbichi, sindano haipiti, kila tundu nilitoboa kwa keekee ndogo, moja moja, na nikikosea nusu ya upana wa uzi nimeharibu kipande kizima. Nilikata madirisha kwenye ngozi ya ng'ombe, nikapunguza kingo zake mpaka zikawa nyembamba, nikapachika njumu kwa chini ili ichungulie tu, kisha nikashona kuzunguka kwa sindano mbili zinazopishana katika tundu moja. Ala niliilowesha maji, nikaikandia juu ya bastola iliyofungwa plastiki, nikaisugua kwa mfupa mpaka ikalifuata umbo lake kila pembe. Ulikuwa unakaa pale mezani na vitabu vyako vya skuli na mara nyingine unaacha kusoma ukanitazama. Nilikuwa nakuona. Nilijifanya sioni ili usiache.

Kilichobaki kilikuwa bitana. Mkanda wenye njumu lazima uwe na bitana, kwa sababu kwa nyuma vinaonekana viraka na gundi, na ala lazima iwe na bitana laini ili chuma kisichubuke. Nikanunua furushi la vipande kwa muuza mabaki mmoja aliyekuwa na kibanda huko nyuma, ambaye siku hizi amesharudi kwao. Ngozi laini, rangi ya asali, inateleza mkononi. Nikamuuliza ni ya nini, akasema mbuzi. Sikuuliza mara ya pili. Ilikuwa nzuri mno, na mtu akipenda kitu hapendi kukiuliza maswali.

Nilipomaliza kushona bitana, zilikuwa zimebaki siku tano harusi ifike. Wewe uliokota kipande kilichoanguka chini, ukakiinua dirishani. Ukachukua na kipande cha mbuzi cha zamani, ukaviweka pamoja. Ukaniuliza mbona hii ina vitundu vitatu vitatu, vimekaa pembetatu, na ile ya mbuzi vitundu vyake vimejipanga mstari. Nikakwambia mbuzi wako wengi duniani. Siku ya pili ukarudi na simu yako, umetafuta picha, ukaniwekea mbele ya macho. Mimi ndiye niliyesema.

"Tangu lini umekuwa fundi? Simu ndiyo inifundishe kazi yangu? Nyamaza."

Nikakunyang'anya kile kipande nikakitupa kwenye taka, na juu yake nikamwagia majani ya chai.

Zuwena, mimi nilijua. Usije ukafikiri kwamba mama yako hakuelewa, au alielewa baadaye. Nilijua palepale, kabla hujaizima simu. Ulipotoka nilikwenda kwenye pipa nikakitoa kile kipande, nikakipangusa chai, nikakitazama dirishani kama ulivyofanya. Vitundu vitatu vitatu. Ngozi ya nguruwe. Nimekuwa na ngozi mikononi miaka yote hiyo na sikuwahi kuitambua, kwa sababu katika kazi zetu haipiti, na mtu hatazami kitu asichotarajia kukiona. Hapo bado nilikuwa nimekosea tu. Ningelipiga simu siku ile, ningekuwa fundi aliyedanganywa na muuza mabaki, na Ammi Khalfan angehuzunika, angevaa mkanda wake wa zamani, na habari ingekwisha pale.

Lakini nilipiga hesabu ya siku. Kuifumua bitana ile, iliyogandishwa na kushonwa pamoja na taa, tundu kwa tundu, isingepungua siku kumi. Harusi siku nne. Na wageni walikuwa wameshaambiwa kwamba mkanda wa Ammi Khalfan umetengenezwa na mke wa fulani, aje mtu auone. Nikajiambia maneno mengi. Kwamba iko ndani, haionekani. Kwamba ngozi ikishatiwa dawa huenda imetakasika, na hilo nilijiambia bila kumuuliza mtu yeyote mwenye elimu, kwa sababu niliogopa atanijibu. Kwamba wewe ni mtoto na utasahau. Hilo la mwisho ndilo la kijinga kuliko yote.

Unaikumbuka harusi. Alitoka kama mfalme. Wanaume walimzunguka wakimshika kiunoni, wakiulizana zile punje nyeupe ni lulu au ni nini. Adhana ya magharibi ilipotoka walijipanga uani, na sisi wanawake tulikuwa tunaona kutoka madirishani. Ammi Khalfan alisimama safu ya mbele, na bastola akampa mwanawe amshikie, lakini mkanda hakuuvua. Nilikuwa na sahani ya biriani mkononi. Nikageuka, nikakukuta wewe unanitazama. Kisha ukaangalia sahani yako. Hukunitazama tena usiku ule, na sisi tulirudi Amerat tunazungumza kuhusu nguo za bibi harusi.

Tangu siku ile hukukaa tena kwenye meza hii. Ulikuwa unaleta chakula, unaweka, unakwenda. Ukasema una mitihani, kisha ukasema una masomo ya ziada, kisha ukaacha kutoa sababu. Na mimi, badala ya kuona haya, nikawa nawaambia watu kwamba mwanangu hapendi kazi za mikono, vijana wa leo wavivu, wanataka ofisi yenye baridi. Nilisema mbele yako, kwa shangazi yako, mara ngapi sijui. Ulikuwa unatabasamu na kummiminia mtu chai. Miaka minne ulinisitiri na mimi nakuaibisha. Nikiandika hapa nashindwa kukaa kwenye kiti.

Wateja nao walizidi. Ule mkanda ulinitangaza. Kila aliyekuja alisema nataka kama ule wa Ammi Khalfan. Lile furushi nilishalitupa, lakini kabla ya kulijua nilikuwa nimekatia bitana mikanda miwili ya majambia, na wenyewe walikuwa wameshaichukua. Ikawa nikimwona mmoja wao sokoni, napita njia nyingine.

Halafu, wiki tatu zilizopita, nilikwambia kwamba nataka kukushonea mkoba wa safari, wenye njumu ya mbuni, ili huko kwa watu wajue umetoka kwa nani. Ulikuwa unaosha vyombo. Ukafunga bomba.

"Mama, nakuomba usinitengenezee kitu cha ngozi."

Nikakuuliza kwa nini.

"Sitajua ndani yake mna nini."

Hukusema kwa hasira. Ungelisema kwa hasira ningelikuwa na la kufanya, mimi kwa ugomvi sina mpinzani. Ulisema polepole, kama mtu anayeomba radhi, kisha ukafungua bomba ukaendelea na sufuria.

Siku mbili nilikununia. Nilimwambia baba yako umekosa adabu. Akaniuliza umekosa wapi, nikageuza mazungumzo, maana nikimjibu lazima nimweleze yote. Siku ya tatu nikamweleza. Unamjua baba yako, akasema tu, "Mtoto anaondoka, Asya." Basi. Nikavaa buibui nikaendesha gari mpaka Azaiba, bila kupiga simu kwanza, kwa sababu ningelipiga ningelipata sababu ya kuahirisha.

Ammi Khalfan alinikaribisha kahawa na tende. Nilimwambia kabla sijagusa kikombe. Nilisema lote, kwa mpangilio, kama ninavyokwambia wewe: muuza mabaki, vitundu vitatu, simu yako, pipa la taka, siku nne. Nilitarajia atapiga kelele. Mzee wa watu aliweka kikombe chake chini kwa uangalifu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kabla ya harusi, Ammi."

"Mimi nilikuwa sijui," akasema. "Asiyejua, Mungu hamhesabii. Lakini wewe ulikuwa unajua, na ukanitazama nikisujudu." Kisha akauliza, "Nani mwengine kajua?"

Nikamwambia mwanangu, Zuwena, yeye ndiye aliyegundua.

"Na ulimwambiaje?"

"Nilimwambia anyamaze."

Hapo ndipo alipokasirika. Si kwa ajili ya mkanda. Alisema kumbe miaka yote hiyo mtoto amebebeshwa mzigo wangu, kila Idi anakuja kumbusu mkono na mkanda anauona kiunoni. Akasema wewe uliwahi kukaa mbele yake ukataka kusema jambo, ukaishia kumuuliza habari za magoti yake. Mimi hilo nilikuwa silijui. Nililia pale, mbele ya tende za watu, mpaka mkewe akatoka ndani.

Ammi Khalfan aliingia akauleta mkanda ndani ya mfuko wa nailoni. Hakuniambia amenisamehe na sikumuuliza. Alisema atamuuliza mtu mwenye elimu. Baada ya siku mbili akanipigia: sala zake yeye hazina neno, kwani hakujua. Bitana itolewe, ameelekezwa namna ya kuosha kilichobaki, akanieleza, na nimefanya hivyo hasa. Kuhusu mimi, alisema, hayo ni baina yangu na Mola wangu, na baina yangu na wewe.

Wale wengine wawili nao nimewaendea. Mmoja alinishukuru. Mwingine alinitolea maneno barabarani, watu wakisikia, na ameshawaambia wenziwe, kwa hivyo wiki hii watu watatu wamekuja kufuta kazi zao. Nilipofungua buku la kazi na kupiga mstari kwenye majina yao nilijikuta naimba. Kweli nakwambia. Mtoto wa jirani alichungulia mlangoni kuona kuna nini.

Siku kumi na moja nimefumua ule mkanda, uzi kwa uzi, bila kuvunja njumu hata moja. Mgongo umeniuma mahali nilipokuwa sijui kama nina mgongo. Nimekuwa nikifumua nakukumbuka ulivyokuwa mdogo, ukikosea hesabu ulikuwa huifuti kwa raba. Ulikuwa unaikata mstari mmoja, unaandika sahihi pembeni, mwalimu aone vyote viwili. Nilikuwa nakugombeza kwamba daftari chafu. Mwanangu, endelea kuchafua daftari. Huko unakokwenda watakupa vitu vya kupima, na siku moja utapima vibaya, kwa sababu kila mtu hupima vibaya. Liseme kosa siku ileile, lingali dogo na halijapendeza. Kosa langu mimi lilikuwa zuri mno machoni mwa watu, ndiyo maana lilikuwa gumu kulisema. Kama nisingelipamba ningelisema mapema.

Na jambo jingine, hili si nasaha, ni ombi. Mtu mkubwa akikwambia nyamaza, na wewe una kitu mkononi unachokiona kwa macho yako, usinyamaze kwa heshima. Hata akiwa ni mimi. Hasa akiwa ni mimi. Nilikufundisha heshima nyingine, najua, na ulijifunza vizuri, ukanitumikia kwayo miaka minne. Nakuomba unisamehe kwa hilo kabla ya yote mengine. Ukihitaji muda, chukua muda. Sitakusukuma, ingawa wewe unajua kusubiri kwangu ni adhabu.

Jana Ammi Khalfan alinipigia kuuliza mkanda umefikia wapi. Nikamwambia nimeshapata bitana mpya, mbuzi. Akaniuliza, "Na safari hii nani anasema kwamba ni mbuzi?" Nikamwambia mimi nimeitazama. Akasema, "Binti yako keshaondoka?"

Nikasema bado.

"Basi akisema yeye, nitauvaa."

Kwa hivyo kesho asubuhi, kabla ya masanduku, nitakupitisha hapa. Sitakwambia ni kwa nini njiani, utakuwa umeshasoma. Mkanda na ala viko mezani, vimefunguliwa. Bitana mpya nimeikata, sijaigandisha. Kaa kwenye kiti changu, ivute dirishani, itazame kwa muda unaoutaka, hata tukichelewa kuondoka. Mimi nitasimama pale mlangoni na mdomo nitaufunga, najua huamini, lakini nitaufunga. Ukisema ni mbuzi, nitashona. Ukiitilia shaka, sema, nitaitupa mbele yako nianze upya, na Ammi Khalfan atangoja.

Mama yako,
Asya